Pampu haivuti maji: kisa cha Torricelli na zebaki yake

Kila kiangazi napigiwa simu ya aina moja. Safari hii alikuwa mzee mmoja wa nje kidogo ya Dodoma: "Fundi, pampu mpya, umeme upo, inanguruma tu, maji hakuna." Nikamuuliza kutoka juu mpaka usawa wa maji kisimani ni mita ngapi. Kumi na mbili. Na pampu ipo wapi? Juu, pembeni ya kisima.

"Mzee wangu, pampu yako ni nzima," nikamwambia. "Hata ukinunua yenye nguvu mara kumi, maji hayatafika." Akanyamaza, kisha akauliza kama ndiyo njia yangu ya kumuuzia pampu ya kuzamisha. Ilikuwa njia yangu, sikatai. Lakini pia ni kweli.

Jibu hilo si langu. Mwaka 1638 Galileo, mwanasayansi wa Italia, alichapisha kitabu ambamo mhusika wake mmoja anasimulia kwamba aliona pampu ya kunyonya iliyokataa kutoa maji yalipopungua kisimani. Akamwita fundi aitengeneze. Fundi akamwambia pampu haina kasoro, ila maji yakiwa chini zaidi ya dhiraa 18 hayapandi, hata kwa unywele mmoja. Dhiraa ya Florence ilikuwa ndefu, karibu sentimita 58, kwa hiyo ni kama mita 10 na nusu. Fundi huyo hatajwi jina. Mimi huwa nasema ndiye babu yetu.

Maelezo ya Galileo mwenyewe yalikosea. Wasomi wa wakati ule walishika fundisho la tangu Aristotle kwamba maumbile yanachukia ombwe, yaani nafasi tupu isiyo na kitu, hata hewa: ukiondoa hewa, maji hukimbilia kujaza nafasi. Sasa mbona chuki hiyo inakoma kwenye dhiraa 18? Galileo alisema mnara wa maji, yaani maji yaliyosimama ndani ya bomba, ni kama kamba inayoning'inia. Ukirefuka mno unakatika kwa uzito wake. Yaani bado aliamini maji yanavutwa kutoka juu.

Huko Roma, Gasparo Berti alisimamisha bomba la madini ya risasi, refu kupita mita 10, kwenye ukuta wa nyumba yake, akalijaza maji, akalifungua chini. Maji yakashuka, yakasimama kwenye kimo kile kile. Jaribio zuri, lakini mwangalizi anahitaji ngazi.

Evangelista Torricelli, aliyekaa na Galileo miezi yake ya mwisho, alipata wazo la kutumia kitu kizito kuliko maji. Zebaki, ile metali ya majimaji, ni nzito mara 13.6 kuliko maji, hivyo mnara wake ungekuwa mfupi kiasi hicho. Mwaka 1644 mwenzake Viviani alichukua mrija wa kioo wenye urefu wa zaidi ya mita moja, uliozibwa upande mmoja, akaujaza zebaki, akaziba mdomo kwa kidole, akaupindua ndani ya bakuli la zebaki na kuondoa kidole. Zebaki ikashuka, ikatulia karibu sentimita 76 juu ya bakuli. Zidisha 76 kwa 13.6: mita 10.3. Fundi wa kisimani alikuwa sahihi.

Ninachokipenda zaidi ni mrija wa pili. Torricelli alitumia mirija miwili, mmoja ukiwa na tufe kubwa kichwani. Kama ombwe ndilo linalovuta, ombwe kubwa lingevuta zaidi. Zebaki ikasimama sawa kwenye yote miwili. Basi nguvu haimo ndani ya mrija. Iko nje, juu ya bakuli. Katika barua kwa rafiki yake Ricci, Juni 1644, aliandika kwamba tunaishi tumezama chini ya bahari ya hewa. Hewa ina uzito, nao ndio unaoisukuma zebaki ipande.

Kunywa dafu kwa mrija uone. Hulivuti dafu: unapunguza hewa kinywani, na hewa ya nje inayasukuma maji juu.

Huko Ufaransa, mwanasayansi Blaise Pascal akafikiri: kama ni bahari, ukipanda mlima hewa iliyo juu yako inapungua. Yeye alikuwa mgonjwa-mgonjwa, kwa hiyo kazi ilimwangukia shemeji yake, Florin Périer. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer aliacha mrija mmoja wa zebaki mjini Clermont chini ya uangalizi, akapanda na mwingine hadi kilele cha mlima Puy de Dôme, karibu mita 1,000 juu zaidi. Zebaki ilishuka zaidi ya sentimita 8. Ule wa chini haukusogea siku nzima.

Ndiyo maana Dodoma ni tofauti na Dar es Salaam. Pwani, hewa inaweza kuinua maji mita 10.3, hapa tulipo, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ni kama 9 tu. Na hiyo ni hesabu ya karatasi. Ukitoa msuguano wa bomba, viungo vinavyopitisha hewa na valvu ya chini iliyochoka, mimi simwahidi mtu zaidi ya mita 7. Pampu ya kuzamisha haina kikomo hicho, kwa sababu imekaa ndani ya maji na kazi yake ni kuyasukuma kutoka chini.

Mzee alinunua ya kuzamisha, kwa mwingine. Ile ya juu ameihamishia kwenye tangi la ardhini, inapandisha maji darini bila shida.