Mkono wa mama kwenye gauni la mwali

Kila ninapofundisha uchoraji wa Urusi wa karne ya 19, naanza na mkono mmoja. Ni wa mama katika "Posa ya Meja", picha aliyoichora Pavel Fedotov mwaka 1848, ambayo sasa iko Jumba la Sanaa la Tretyakov, Moscow. Binti kageuka, anataka kukimbia. Mama kamdaka gauni kwa nyuma, kitambaa kimevutika. Midomo kaibinua, kama anayemtupia mwanawe neno kali asilotaka mgeni alisikie.

Mgeni mwenyewe yuko mlangoni, anasokota masharubu. Mshenga, mwanamke aliyeshika kazi hiyo, ndiyo kwanza kaleta habari kwamba bwana keshafika, na baba, mfanyabiashara tajiri, anahangaika na vifungo vya koti. Sakafuni paka anajilamba: kwa Warusi, paka akinawa uso, ujue mgeni yuko njiani.

Watu wakiiona hucheka. Mimi huwaomba walitazame gauni. Ni la dansi, jepesi, mabega wazi, na ni mchana! Hivi huyu mtoto kaanza kupambwa saa ngapi, na nani aliyemwuliza?

Posa yenyewe ni biashara. Meja ana cheo ila mfuko mtupu. Fedotov, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, aliwajua watu wa namna hiyo. Mfanyabiashara ana fedha ila si kabaila. Kwa sheria ya Urusi mke alifuata tabaka la mumewe, hivyo binti angepandishwa daraja siku hiyohiyo ya ndoa. Huko bibi harusi ndiye aliyekwenda na mali kwa mume, na mali hiyo ndiyo meja anayoisokotea masharubu.

Miaka 14 baadaye Vasily Pukirev akachora "Ndoa Isiyolingana". Hapa hakuna anayemvuta mtu. Tuko kanisani. Bwana harusi ni mzee mwenye nishani, kasimama wima. Nyuma ya bibi harusi yuko kijana aliyekunja mikono kifuani, sura ya Pukirev mwenyewe. Bibi harusi ana macho mekundu. Mkono mmoja kamnyooshea kasisi avishwe pete, umelegea kama si wake. Wa pili umeshika mshumaa, nao umeinama mno, moto unalikaribia gauni, wala hausogezi.