Macho makubwa ya katuni za Kijapani

Imezoeleka kudaiwa kwamba wachoraji wa Japani huwapa wahusika wao macho makubwa kwa kuwa wanatamani kufanana na Wazungu. Mtu ana hiari ya kutopendezwa na macho hayo, lakini dai lenyewe halina msingi. Osamu Tezuka, mchoraji wa katuni wa Japani aliyezaliwa mwaka 1928 na ambaye mtindo wake ulienea mno baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliathiriwa na filamu za katuni za Marekani, hasa za Walt Disney, ambamo hata panya na paa wana macho yaliyopita kiasi. Wala sijasikia anayesema kuwa Disney alitamani kuwa paa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, Jun'ichi Nakahara alikwisha kuchora wasichana wenye macho mapana katika majarida ya Japani. Uso wa mistari michache huhitaji jicho kubwa ili woga na majonzi vionekane, na msomaji wa huko humchukulia mhusika huyo kuwa Mjapani mwenzake, isipokuwa hadithi ieleze vinginevyo. Isitoshe, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wachoraji wa gekiga, yaani hadithi za picha zilizowalenga wasomaji wakubwa, walipendelea nyuso kavu zenye macho ya kawaida.