Mkimya naye hufundishika kuzungumza

Wengi huamini kwamba mwanafunzi huzaliwa mzungumzaji au mkimya, na kwamba mkimya hafundishiki. Tofauti za tabia zipo kweli. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mazungumzo ni vitendo vidogo vya kujifunza: kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, kusubiri bila kukatiza, kisha kuuliza jambo lililotokana na jibu lenyewe. Hili la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa linadai kusikiliza hasa. Na hapo, kwa maoni yangu, mkimya mara nyingi humzidi yule asemaye sana. Ukitaka kuhakiki, waache wanafunzi wazungumze wawili wawili, uhesabu maswali yanayofuata majibu, si wingi wa maneno. Wape mazoezi wiki kadhaa, kisha hesabu tena.