Ajali inayotisha na ajali inayoua

Kazi yangu ni kukagua vifaa vya usalama kwenye magari ya rally kabla hayajaruhusiwa kuanza. Watu wakishajua hivyo, hawakawii kutoa simu wanionyeshe video. Gari linabingirika mara sita, mlango unachomoka, tairi linakwenda zake porini. "Fundi, huyu si alikufa?" Mara nyingi jibu ni hapana. Dereva alitoka, akavua helmeti, akaanza kumtafuta aliyemgonga.

Mimi nami huwaonyesha yangu. Ni Daytona, Florida, tarehe 18 Februari 2001, mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona 500. Gari jeusi namba 3 ni la Dale Earnhardt, bingwa mara 7 wa NASCAR, mashindano makubwa ya mbio za magari Marekani. Yuko nafasi ya tatu; mbele yake wako Michael Waltrip na mwanawe mwenyewe, Dale Jr. Linaguswa kwa nyuma, linayumba kushuka, kisha linapanda ghafla na kugonga ukuta wa zege kwenye kona ya nne pamoja na gari la Ken Schrader. Halafu yote mawili yanateleza polepole hadi kwenye nyasi. Basi. Hakuna moto, halikupinduka. Ninayemwonyesha huuliza, "Sasa ajali iko wapi?"

Earnhardt hakutoka mle ndani akiwa hai.

Na ni huyu huyu ambaye Julai 1996, pale uwanja wa Talladega, gari lake lilipinduka na kupondwa na wenzake katikati ya njia. Alivunjika mtulinga na mfupa wa kidari, akatembea kwa miguu yake kwenda kwenye ambulensi. Wiki mbili baadaye, Watkins Glen, alianza mbio akiwa wa kwanza kwenye mstari.

Siri iko kwenye muda. Gari linalobingirika linaimaliza kasi yake kidogo kidogo: bati linakunjika hapa, bampa inabaki kule, kila mzunguko unakula kiasi chake. Ukuta wa zege unadai deni lote papo hapo. Uchunguzi wa NASCAR uliotolewa Agosti 2001 ulikadiria kwamba Earnhardt aligonga akiwa kwenye kasi ya karibu maili 160 kwa saa, yaani kilomita 255 hivi, na kwamba mwendo wa gari ulibadilika kwa takriban kilomita 70 kwa saa ndani ya sehemu 8 tu za mia za sekunde. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu: wastani wake ni kama mara 25 ya uzito wa kila kitu. Kichwa na helmeti ni kilo sita hivi. Kwa hiyo hata mkanda ukikishika kifua vizuri, shingo peke yake inabebeshwa kilo 150, mifuko mitatu ya saruji. Na huo ni wastani. Kilele chake ni zaidi.

Shingo ikivutwa hivyo, kitako cha fuvu hupasuka, pale fuvu linapokalia uti wa mgongo. Mpasuko huo ndio uliomuua Earnhardt, na ndio uliomuua Adam Petty, kijana wa miaka 19, Mei 2000 huko New Hampshire. Kenny Irwin alimfuata kwa jeraha hilo hilo Julai, kwenye uwanja ule ule.

Dawa ilikuwepo tayari. Robert Hubbard, profesa wa Michigan State, na shemeji yake Jim Downing, dereva, walianza kuitengeneza miaka ya 1980. Ni kifaa cha HANS: kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, yenye kamba mbili fupi zinazonasa helmeti kushoto na kulia. Mwili ukizuiwa, kichwa nacho kinazuiwa. Madereva wengi walikikataa kwa kuwa kinabana. NASCAR ililazimisha vifaa vya kuzuia kichwa na shingo Oktoba 2001, wiki mbili hivi baada ya dereva Blaise Alexander kufa Charlotte kwenye mbio za ARCA, ligi ndogo ya magari ya Marekani.

Malalamiko hayo nayajua. Kijana mmoja alikaa kwenye kiti nikamvuta mikanda ya mabega hadi vidole vyangu vikakosa nafasi ya kupita. "Fundi, unaninyonga!" Nikazirekebisha kamba za kola, nikamwambia ageuze shingo kushoto, kulia. Aligeuza. Nilipogeuka kuandika kwenye fomu, nikasikia mkanda ukilegezwa. Sikusema kitu, niliirudisha kalamu mfukoni, nikaanza upya.

Ukuta nao ulishughulikiwa. Timu ya Dean Sicking, Chuo Kikuu cha Nebraska, ilibuni kizuizi cha SAFER: mabomba ya chuma ya pembe nne yaliyounganishwa mbele ya zege, na nyuma yake vipande vya povu gumu. Kinabonyea, gari linapata muda. Kilianza kutumika Indianapolis mwaka 2002. Tangu Earnhardt, hakuna dereva aliyekufa mbioni katika ligi tatu kuu za NASCAR. Februari 2020, Daytona hiyo hiyo, gari la Ryan Newman lilipinduka, likagongwa mlangoni pake na kuteleza kichwa chini likitoa cheche. Nilidhani tumempoteza. Siku mbili baadaye alitoka hospitali akiwashika mkono binti zake wawili.

Lakini ajali ile tulivu haijaisha. Mwaka 2022 NASCAR ilileta gari jipya lenye sehemu ya nyuma ngumu, na madereva wakaanza kulalamika kwamba hata kugusa ukuta kwa nyuma kunawatikisa ubongo. Dereva Alex Bowman alikosa mbio tano kwa mtikisiko huo. Sehemu ya nyuma ililegezwa kwa msimu wa 2023, ili ikunjike. Mwenzake Kurt Busch alikuwa ameshaumia ubongo hivyo hivyo Julai 2022, huko Pocono, katika mizunguko ya kupanga nafasi. Gari liliteleza, likagonga ukuta kwa nyuma, akatoka mwenyewe. Agosti 2023 akatangaza kustaafu.