Mistari miwili ya malengelenge: yanayosemwa mtaani na yanayojulikana maabara

"Mistari miwili imetoka, basi ninao."

Huenda. Kipimo cha haraka cha malengelenge ya sehemu za siri, kile cha tone la damu, hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza baada ya kuvamiwa. Kilicho makini hutafuta kingamwili za protini moja, glikoprotini G, kwa kuwa hapo ndipo virusi viwili vya malengelenge, HSV-1 (hasa cha mdomoni) na HSV-2 (hasa cha sehemu za siri), vinapotofautiana waziwazi. Kisichofanya hivyo kitakuchanganyia virusi viwili, na HSV-1 imeenea mno: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo. Ndiyo vile vipele ambavyo watu husema "homa imetokea mdomoni".

Hata kipimo makini hutegemea unampima nani. Chukua kinachowagundua watu 95 kati ya kila 100 wenye kirusi, na kuwapa majibu sahihi 95 kati ya kila 100 wasio nacho. Wapime vijana 1,000 wa chuo pale Iringa, na tuseme 40 wanacho. Kitawapata 38. Lakini kwa wale 960 wasio nacho, 48 nao watatoa mistari miwili! Zaidi ya nusu ya walioambiwa "unao" watarudi bwenini na majibu ya uongo. Kipeleke kipimo hichohicho mahali ambapo watu 600 kati ya 1,000 wanacho: kitatoa majibu 570 ya kweli na 20 tu ya uongo. Kundi la namna hiyo lipo kweli; tafiti za wahudumu wa baa mkoani Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuta wengi wao wana kingamwili za HSV-2.

Kwa hiyo anayekuuzia kipimo kwa kusema "usahihi wake ni asilimia 95" amekupa nusu ya habari. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wahudumu wa afya kuhusu majibu ya uongo ya HSV-2, hasa kwa watu wasio katika hatari kubwa. Kwa VVU tumezoea kwamba kifaa kimoja hakitoshi kumwambia mtu ameambukizwa. Kwa malengelenge watu wanaridhika na kimoja.

"Kimepitishwa Ulaya, hapa kitafanya kazi vilevile."

Vipo vilivyofanya vizuri huko, vikaja kutoa majibu mengi zaidi ya uongo kwa sampuli za Afrika. Tathmini ya maana huchukua damu ya watu wa hapahapa, huilinganisha na kipimo cha rejea, yaani cha maabara kinachoaminika zaidi, kama Western blot, na anayesoma mistari hajui majibu ya upande wa pili. Mimi ningeongeza baridi. Asubuhi ya Juni kule Makete, kifaa kilicholala stoo hakijafikia joto la chumba ambalo maelekezo mengi huyataka, na damu hupanda polepole. Msomaji naye akikiacha akaenda kunywa chai, mstari hafifu unaweza kujitokeza muda wa kusoma ukiwa umeshapita.

"Hakuna mstari wa pili, niko salama."

Kingamwili huchukua wiki kadhaa kuonekana, kwa wengine hata miezi mitatu. Mwenye lengelenge bichi leo anaweza kupimwa damu ikaonyesha hana. Kwake sampuli bora ni majimaji ya kidonda, yachukuliwe kwa pamba mapema kabla hakijakauka, kisha yapimwe kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.

"Kipimo kimemuumbua mume wangu."

Hapana, dada. Kingamwili hazisemi ziliingia lini wala kutoka kwa nani. Wengi wenye HSV-2 hawajawahi kuona kidonda, na wanaweza kuwa na kirusi hicho tangu kabla ya ndoa. HSV-1 nayo huweza kukaa sehemu za siri, na damu haionyeshi iko wapi. Nyumba zinavunjika kwa jambo ambalo kifaa hakikuulizwa.

"Bila kipimo hakuna dawa."

Mwenye kidonda sehemu za siri aende kituo cha afya hata kama hakina kipimo cha HSV. Mhudumu hutibu kwa dalili, na asaikloviri, dawa ya malengelenge, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema. Atakachotakiwa kupimwa siku hiyohiyo ni kaswende na VVU: kaswende hutoa kidonda pia, na mwenye HSV-2 huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi.