Ruzuku ndogo za jiji: yanayosemwa mtaani na yalivyo kweli

Miradi mingi ya mitaa hufia kikaoni, kabla hata fomu ya kuomba ruzuku ya jiji haijachukuliwa. Mtu mmoja anasema, "Hizo fedha zina wenyewe," wengine wanaguna, mazungumzo yanahamia kwingine. Inauma, kwa sababu ruzuku hizi ni miongoni mwa fedha chache za umma zilizowekwa makusudi kwa ajili ya mkazi wa kawaida: anayetaka benchi kituoni, taa kwenye kichochoro, miti kando ya barabara, au uwanja wa watoto usio na vyuma vyenye kutu.

"Hatuna fedha za kuchangia, basi hatuwezi kuomba."

Dhana hii ndiyo inayovunja watu moyo kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Ni kweli mifuko mingi ya ruzuku hudai mchango wa jamii, lakini mchango si lazima uwe fedha taslimu. Jiji la Seattle, Marekani, lina mfuko wa aina hii tangu mwaka 1988, na humo saa za kujitolea, vifaa vilivyotolewa bure na huduma za wataalamu huhesabiwa sawa na fedha. Bustani za pamoja za wakazi zimejengwa kwa njia hiyo. Hata jitu la zege la mtaa wa Fremont jijini humo, sanamu iliyokaa chini ya daraja tangu 1990 ikiwa na kimo cha mita 5 na nusu, lilipata sehemu ya fedha zake humo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Watu 12 wakifanya kazi saa 4 kwa Jumamosi 3, hizo ni saa 144. Jiji hutangaza thamani ya saa moja, mnazidisha, mnaandika. Fundi umeme akifunga taa bila malipo, saa zake huweza kuhesabiwa kwa kiwango cha ufundi wake. Akishika koleo kuchimba shimo la mti, huyo ni mtu wa kujitolea kama wengine.

Kinachoangusha vikundi hapa ni daftari la mahudhurio. Liwekeni pale penye maji ya kunywa, maana hapo kila mtu atapita. Liwe na safu ya jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi, na pawe na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mtu asiposaini siku ileile, wiki mbili baadaye hakuna anayekumbuka kama aliondoka saa tano au saa saba, na jasho lake lote haliwezi tena kuingia kwenye hesabu.

"Lazima tuwe chama kilichosajiliwa."

Mara nyingi si lazima. Mifuko mingi hupokea maombi ya kikundi cha majirani tu, mradi kuwe na taasisi iliyosajiliwa inayokubali kupokea na kutunza fedha kwa niaba yao. Andikianeni makubaliano. Baadhi ya taasisi hukata asilimia kwa kazi hiyo, kwa hiyo iingizeni kwenye bajeti tangu mwanzo.

"Tukishinda tu, fedha zinaingia na kazi inaanza."

Hapa watu huumia kweli. Majiji mengi hurejesha gharama: kikundi kinanunua, kinakusanya risiti, ndipo kinalipwa. Mengine hutanguliza sehemu. Ulizeni kabla ya kuomba, kwa sababu kikundi kisicho na akiba kinaweza kushinda ruzuku kikashindwa kuitumia. Na msinunue chochote kabla mkataba haujasainiwa na pande zote. Risiti ya saruji iliyoutangulia mkataba kwa siku tatu tu inaweza kukataliwa, hata kama saruji hiyo imeshakauka ukutani na kila mtu anaiona.

"Wanataka maneno makubwa."

Hapana. Sentensi kama "kina mama wenye mikokoteni ya watoto hushuka barabarani kwa sababu njia ya miguu imekatika" ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa "uwezeshaji shirikishi endelevu". Ongezeni picha ya pale ilipokatika.

"Eneo ni la umma, hakuna wa kumwomba ruhusa."

Ardhi ya umma ina idara inayoisimamia, na chini yake kuna mabomba na nyaya. Idhini ya maandishi kutoka kwa idara hiyo huombwa mapema, kwani inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

"Siku ya uzinduzi ndiyo mwisho."

Mti mchanga huhitaji kumwagiliwa kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza, hasa wakati wa ukame. Benchi la mbao hutaka kupakwa rangi upya. Swali la matunzo kwenye fomu wengi hulijibu kwa maneno mawili: "Jamii itatunza." Jamii ni nani? Andikeni nani ana ufunguo wa bomba na zamu yake ni siku gani.

Na mkikataliwa, ombeni maoni ya waliopitia maombi yenu. Mara nyingi kasoro ni mstari mmoja wa bajeti usio na ushahidi wa bei. Dirisha la maombi likifunguliwa tena, rudini na ombi lilelile, safari hii makadirio ya mafundi wawili yakiwa yameambatishwa.