Oili ya ndege ndogo: tunayoambiana uwanjani na ukweli wake

Ndege ikishajazwa petroli, mtu hufungua kidirisha kilicho juu ya injini, huchomoa dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili, huiinua kwenye mwanga na kutamka: "Tia moja." Moja ya nini? Makosa mengi ya oili niliyoyaona hayakutoka kwenye oili yenyewe. Yalitoka kwenye mkono unaoimimina na chombo kilichoshikwa.

"Moja ni lita moja." Dipstiki za injini nyingi za kampuni za Lycoming na Continental zimechorwa kwa kwati, yaani robo ya galoni ya Marekani, sawa na lita 0.946. Anayedhani ni lita hukosea kwa takriban asilimia 5, na kwa chupa moja haidhuru. Jagi kuukuu lenye alama za galoni ya Uingereza ndilo baya: kwati yake ni lita 1.136. Ukitia nne kwa jagi hilo, umetia karibu tano za Marekani.

"Ikijaa hadi juu ndiyo salama zaidi." Ndege ya Cessna 172S hubeba kwati 8 za oili, na kitabu chake kinakataza kuruka ikiwa chini ya 5. Kati ya hizo mbili kuna nafasi kubwa, na injini nyingi zina mahali zinapopapenda. Ukiijaza hadi 8, ile ya juu hutupwa nje kupitia bomba la kupumulia na kupaka tumbo la ndege, kisha hutulia kwenye 6 au 7 na kukaa hapo saa nyingi. Anayeirudisha kwenye 8 kila asubuhi huapa kwamba injini inakula oili, kumbe anaiosha ndege kwa oili mpya. Ili ujue inakula kiasi gani kwa kweli, andika: saa ya injini, ulichosoma, ulichotia. Lycoming wana kanuni ya kikomo cha matumizi: 0.006 mara nguvu ya farasi mara 4, gawanya kwa 7.4. Injini ya farasi 180 inapata kwati 0.58 kwa saa. Hicho ni kikomo tu. Injini yenye afya hutumia chini ya hapo, na tarakimu ikianza kupanda ghafla ndipo umwite fundi.

"Isome mara tu injini inapozimwa." Hapana. Oili bado iko juu, kwenye silinda na njia zake. Subiri dakika 10 hadi 15, ndege ikiwa mahali tambarare, futa dipstiki, irudishe, ichomoe tena. Kwenye ndege za injini mbili angalia pia kwamba dipstiki ya kushoto haijahamia kulia, maana injini hulala kwa mteremko wa bawa na alama hufuata ulalo huo.

Injini ya Rotax 912 ni habari nyingine. Oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni, kwa hiyo kabla ya kupima huzungushwa propela kwa mkono, swichi za kuwashia injini zikiwa zimezimwa, kuelekea upande wake wa kawaida tu, mpaka usikie tangi likibubujika. Asiyefanya hivyo husoma pungufu, akaongeza, akazidisha. Injini hiyohiyo ndiyo inayoharibu ile kauli kwamba oili ya magari na pikipiki haifai kamwe kwenye ndege: kwa kuwa ina giaboksi ndani, hutumia oili ya aina ya pikipiki. Kwa Lycoming na Continental kauli ni sahihi kabisa, kwani viungo vya madini vilivyomo kwenye oili ya gari huacha majivu kwenye chumba cha mwako, na majivu yakiwaka moto huwasha petroli kabla ya wakati.

"Uchafu kidogo chujio litaushika." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Chujio liko baada ya pampu. Kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili hupita kwenye wavu wa matundu makubwa tu, ikaingia kwenye giya za pampu, ndipo ikafika kwenye chujio. Sasa itazame ile faneli iliyolala mwezi mzima ndani ya sanduku la vifaa. Pitisha kidole ndani ya shingo yake: utatoka na ute mweusi wenye chembechembe, kwa sababu oili iliyobaki imenasa kila vumbi lililopita. Mimina juu yake oili safi, nayo itausafirisha mzigo wote hadi sampuni. Faneli ya oili ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, wala isitumike kwenye petroli. Usiifute kwa tambara linaloachia nyuzi. Na kabla ya kuchomoa dipstiki, pangusa kwanza pembezoni mwa kifuniko chake.

Ukikosa faneli, ilaze chupa ubavu, mdomo wake ukiwa upande wa juu. Hewa huingia polepole, oili hutoka kama uzi, bila ile *gu-gu-gu* inayorusha matone kwenye bomba la moshi.

"Chupa iliyobaki nusu ikikazwa haivuji." Kwenye futi 10,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la usawa wa bahari. Hewa iliyofungiwa ndani hutanuka, na kama chupa imelala, oili hupenya kwenye hesi za kifuniko hadi kwenye mizigo. Isimamishe, ndani ya mfuko.

"Herufi W kwenye chupa ya oili ni ya baridi." Kwenye oili ya ndege ya AeroShell W100, W hueleza viungo vya kuelesha uchafu visivyoacha majivu, na 100 ni sawa na unene wa SAE 50. Ndiyo maana oili hiyo huwa nyeusi upesi: inaubeba uchafu, kama ilivyotengenezwa ifanye.

Kifuniko cha dipstiki kikaze kwa vidole tu. Ukikikaza kwa nguvu injini ikiwa moto, asubuhi utatafuta koleo. Kabla ya kufunga kidirisha hesabu: kifuniko cha chupa, ile karatasi ya kuziba mdomo wake, tambara, faneli. Vyote vinne viwe mkononi mwako.